Laptopu imezeeka: uiongezee nguvu au ununue nyingine? Anza na dalili

Minada ya korosho ikishaanza huku kwetu mwezi wa kumi, hela zikaanza kuingia, na maswali ya laptopu nayo yanaongezeka. Mwalimu kutoka Tandahimba, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kijana wa chuo hapa Mtwara mjini, wote wanakuja na swali lile lile: hii mashine niifanyie kitu au niachane nayo ninunue nyingine? Na wengi wanakuja wameshaamua, mwingine kashamtuma mtu Kariakoo na hela mkononi, bila hata kujua kinachoumwa ni nini. Nimeona mtu anauza kwa bei ya kutupa mashine ambayo ugonjwa wake ulikuwa hadi diski tu, aliyeinunua akabadilisha hiyo hadi diski akaitumia miaka. Na nimeona kinyume chake, tena hii ilipita mikononi mwangu: mwanafunzi mmoja alikuja na kioo kimepasuka, nikaagiza kioo kipya, nikafunga, akafurahi, wiki mbili baadae mashine ikazima moja kwa moja maana mazabodi (bodi kuu ya ndani inayobeba kila kitu) ilikuwa inakufa taratibu na mi sikuipima. Kile kioo hakikuingia kwenye mashine nyingine yoyote aliyokuja kuipata. Hela yake ikaishia pale, na ilikuwa hela ya mzazi wake ya msimu mzima.

Tangu siku ile hela za matengenezo nazigawa mafungu mawili. Kuna hela inayohama na kuna hela inayokufa na mashine. SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) inahama, leo iko kwenye laptopu hii kesho unaichomoa unaiweka kwenye nyingine au unaifanya ya kubebea mafaili. RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine ikiwa kazini) inahama kama mashine mpya inatumia aina ile ile. Lakini kioo, betri, bawaba, kibodi na matengenezo ya mazabodi hizo ni za modeli hiyo hiyo, mashine ikifa zinakufa nayo. Kwa hiyo kwenye laptopu ya zamani hela inayohama itoe bila wasiwasi, hela inayokufa isubiri mpaka uwe na uhakika mazabodi ni nzima na prosesa, yaani ubongo wa mashine, bado inakutosha.

Kabla hujagusa skrubu hata moja kopi vitu vyako. Mashine kama inawaka leo, hata kama inawaka kwa shida, leo ndo siku ya kutoa picha, ripoti za fildi, madaftari ya hesabu, weka kwenye flashi au diski ya nje. Nasema hivi kwa sababu mashine inapatikana tu hata kwa kuazima, ila mafaili ya miaka sita hayauzwi popote.

Dalili ya kwanza: imekuwa nzito, kuwaka tu unaenda kupika chai unarudi

Hii ndo naipokea kuliko zote. Watu wanasema "imechoka" lakini prosesa haichoki hivyo, kuna kitu kinaivuta nyuma.

Anza bila kufungua chochote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, litakuja dirisha linaloonyesha mashine inafanya nini. Iache itulie dakika tano baada ya kuwaka halafu angalia safu ya diski (Disk) na safu ya RAM (Memory). Diski ikiwa inasoma asilimia 100 na we hujafungua kitu, mgonjwa wako ni hadi diski. RAM ikiwa imejaa asilimia 85 au 90 na umefungua kivinjari tu na faili moja, basi RAM ni ndogo. Na zote mbili zinaweza kuwa pamoja, kwa sababu RAM ikijaa mashine inaanza kutumia diski kama RAM na diski ya kuzunguka haiwezi hiyo kazi.

Sababu inayoongoza ni hiyo hadi diski ya kuzunguka. Nyingi za laptopu zinazunguka mara 5400 kwa dakika, kuna kisahani na sindano inakimbia huku na huku kutafuta data, na Windows za sasa zinaomba vitu vidogo vidogo vingi kwa wakati mmoja kwa hiyo sindano inazidiwa. SSD haina kitu kinachozunguka, na ndo maana mashine ya mwaka 2014 ukiitia SSD inawaka chini ya dakika moja na mwenyewe anadhani umembadilishia laptopu. Kama una hela ya kufanya kitu kimoja tu kwenye mashine ya zamani, fanya hiki. GB 240 au 256 inamtosha mwalimu au mwanafunzi, ile diski ya zamani kama bado nzima weka kwenye kasha la nje uhifadhie video.

Ila kabla ya kununua jua mashine yako inapokea ipi. Zile za zamani kidogo zinapokea ya inchi 2.5 yenye umbo kama la hadi diski ile ile. Za baadae zina nafasi ya kijiti chembamba kinaitwa M.2, na humo kuna mbili, M.2 ya SATA ambayo mara nyingi ina mikato miwili kwenye meno na NVMe ambayo mara nyingi ina mkato mmoja, zinafanana mtu akakuuzia tofauti na mashine isiione kabisa. Piga picha ya nafasi yenyewe au andika modeli kamili iliyo chini ya laptopu, ndo umtumie muuzaji. Nasisitiza hili kwa sababu vifaa vyetu vingi vinatoka Dar kwa basi, ukikosea unasubiri tena, na wote tunakumbuka mwezi wa tano 2024 mafuriko ya kimbunga Hidaya yalipokata barabara pale Somanga, vifaa vikakwama njiani.

Angalia pia usiuziwe feki. SSD au flashi ya bei ya ajabu iliyoandikwa 2TB, ndani unakuta kadi ndogo ya simu imegandishwa na gundi, inaandika mafaili mpaka inafika kiasi chake cha kweli halafu inaanza kufuta ya mwanzo bila kukwambia. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inajaza kifaa chote halafu inasoma tena, ifanye siku ile ile unayopokea.

Sababu ya pili ni RAM. GB 4 ilikuwa sawa zamani, sasa hivi kivinjari peke yake kinaila. Peleka 8. Lakini fungua kwanza uone kama ina nafasi, kwa sababu laptopu nyingi nyembamba RAM imechomewa kwenye mazabodi na hapo hamna la kuongeza, na hiyo peke yake inaweza kuwa sababu ya kubadilisha mashine. Kama nafasi ipo angalia aina: DDR3, DDR3L na DDR4 ni vitu vitatu. DDR4 mkato wake uko sehemu nyingine haitaingia kwenye DDR3 hata ukiilazimisha, usiilazimishe. DDR3 ya kawaida inatumia volti 1.5 na DDR3L volti 1.35, zinaingia sehemu moja, ila mashine nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 4 (kizazi kinasomeka kwenye jina la prosesa, nitaonyesha kwenye dalili ya sita) zinataka yenye L, ukiweka isiyo na L haiwaki na utadhani umeiua. Rudisha ya zamani itawaka.

Sababu ya tatu ni programu zinazojiwasha zenyewe pamoja na virusi vya flashi, hasa flashi za kuzungushana stationari. Zima zinazojiwasha, futa usizotumia, acha nafasi kwenye diski C walau asilimia 15 hivi iwe wazi. Hii haina gharama. Ya nne ni joto, nitakuja nayo hapo chini maana mashine ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Na hii msiipuuze: mashine imekuwa nzito ghafla, siyo taratibu, na unasikia ndani inalia tik, tik, tik. Hapo hadi diski inakufa leo au kesho. Zima, usiendelee kuiwasha kujaribu jaribu, usipige fomati. Kama ndani kuna kitu cha thamani mpelekee mtu anayejua kutoa data, kila dakika inayozunguka inazidi kujikwaruza. Kama hailii lakini una wasiwasi, programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo itakwambia afya yake, ikisema tahadhari ya njano na namba za mistari ya 05, C5 au C6 zinapanda kila siku, kopi vitu toa hiyo diski.

Dalili ya pili: inachemka, feni inapiga kelele, inajizima katikati ya kazi

Msimu mmoja karani aliniletea laptopu inayojizima kila ikifika nusu saa, na yeye ndo yuko katikati ya kuingiza kilo za wakulima, foleni inamsubiri. Alikuwa ameshaambiwa prosesa imekufa anunue nyingine. Nikafungua, feni inazunguka vizuri tu. Ila pale hewa inapotokea, kwenye vile vibati vyembamba vya shaba, kulikuwa na kitu cha kahawia kimeziba mwanzo mpaka mwisho, nikakishika kwa kibanio nikavuta kikatoka kizima kizima kama kipande cha blanketi, upana wa vidole viwili. Nilipokipeleka mwangani nikaona ni nyuzi za magunia. Mashine ilikuwa inakaa ghalani, mezani jirani na mzani, kila gunia likidondoshwa nyuzi zinaruka na feni inazivuta, zikasukana na vumbi mpaka zikawa kitambaa. Nikasafisha, nikaweka pesti mpya (ile ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa), mashine ikamaliza msimu ule na mwingine.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni vumbi na nyuzi, ya pili pesti iliyokauka kati ya prosesa na ile shaba, kwenye mashine ya miaka mitano kwenda juu inakuwa kama chokaa, ya tatu feni yenyewe imechoka bushi, hapo utasikia inakwaruza, ya nne ndo matatizo ya mazabodi.

Cheki rahisi: unaitumia juu ya nini? Godoro, mto na kanga vinaziba matundu ya chini. Iweke kwenye meza tupu siku moja uone tofauti. Pili weka mkono pale hewa inapotokea, kama feni inapiga kelele lakini hewa inayotoka ni kidogo, imeziba. Kusafisha ukiwa na bloa shika mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke, maana bloa inaizungusha kupita kiasi na feni inaweza kuharibika. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Pesti weka kidogo kama punje ya choroko, kufuta ile ya zamani tumia spiriti safi ya kusafishia vifaa na kitambaa laini, siyo petroli wala mafuta ya taa.

Skrubu zipange mezani kwa mpangilio ulivyozitoa. Nasema kwa uchungu maana skrubu ndefu ikiwekwa kwenye tundu la fupi inatoboa mazabodi, na mashine iliyokuja na vumbi inaondoka ikiwa maiti. Kama hujawahi kufungua laptopu basi hii kazi mpe fundi, ni ya bei ndogo na inaokoa mashine nzima.

Kama imeshasafishwa vizuri, pesti mpya, feni mpya, na bado inajizima, usiendelee kutia hela. Hapo ni umeme wa mazabodi na kwenye mashine ya zamani hiyo ni hela inayokufa.

Dalili ya tatu: betri haikai, au haichaji kabisa

Kabla ya yote ifunge laptopu uiweke mezani uiangalie kwa pembeni. Imelala sawa? Padi ya kipanya imenyanyuka, kibodi imevimba katikati, mfuniko wa chini umeachia? Basi betri imevimba. ACHA HAPO HAPO. Chomoa chaja, zima, usiibane irudi, usiitoboe, usiipeleke kwenye mizigo ya basi. Betri ya lithiamu iliyovimba ikitobolewa inawaka moto ambao hauzimi kirahisi. Iweke sehemu ya saruji au mchanga mbali na vitu vinavyoshika moto, mpe mtu anayejua aitoe. Mashine nyingi zinafanya kazi bila betri kwa umeme wa moja kwa moja, kwa hiyo hujapoteza laptopu, umetoa hatari tu.

Kama haijavimba ipime. Kwenye Windows fungua dirisha jeusi la amri andika powercfg /batteryreport, itatengeneza faili na kukwambia imelihifadhi wapi. Humo kuna namba mbili muhimu, uwezo betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaojaa sasa. Ikiwa inajaa chini ya nusu ya ile ya kiwandani, betri imeisha na hamna programu ya kuifufua, usimpe mtu hela ya "kuflashi betri". Betri za aina hii kawaida zinahesabiwa mizunguko 300 mpaka 500 ya kuchaji kabla hazijaanza kushuka sana, mashine ya miaka saba umri wake umefika.

Kama inasema imechomekwa lakini haichaji, mara nyingi ni chaja. Dell na HP zina kipini chembamba katikati ya kichwa cha chaja, ndo kinachoiambia mashine hii ni chaja ya wati ngapi. Kikikatika au chaja ikiwa feki, mashine inawaka lakini betri haichaji, na Dell zaidi ya hapo inajipunguzia kasi sana, mtu anakuja kulalamika mashine nzito kumbe chaja. Azima chaja nyingine ya modeli hiyo hiyo ujaribu kabla hujanunua chochote. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu, ampea zinaweza kuwa sawa au zaidi, zisiwe pungufu. Baada ya chaja ndo tundu la chaja, likicheza cheza au likiwa la moto acha kulitumia mpaka libadilishwe.

Na umeme wetu mnaujua, unakatika unarudi kwa kishindo. Ukikatika chomoa, ukirudi subiri dakika kadhaa ndo uchomeke. Ni tabia ya bure na imeokoa mazabodi nyingi.

Betri mpya ni hela inayokufa na mashine. Kama laptopu inakaa mezani ofisini na umeme upo, usinunue, itumie hivyo hivyo. Kama we ni wa kuzunguka vijijini nayo, hapo betri ni kazi yako, nunua, ila baada ya kupita vipimo vingine vyote.

Dalili ya nne: haiwaki kabisa, nyeusi tii

Usiogope mapema. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia ushikilie sekunde 30, rudisha chaja peke yake, washa. Umeme uliobaki kwenye mazabodi unaweza kuigandisha na hii inaiachilia. Nimewarudishia watu mashine zao pale pale mlangoni kwa hii tu, na sikuwachaji.

Ikigoma angalia taa ya chaja. Hamna taa, jaribu soketi nyingine na chaja nyingine. Taa ipo na feni inazunguka lakini skrini giza, toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, futa unga, rudisha mpaka ilie klik. Sisi wa pwani hii tunaijua sana, hewa ya chumvi ya Shangani, Mikindani na Lindi kule ghubani inaweka ukungu kwenye meno ya RAM na kwenye viunganishi vyote. Kama RAM ni mbili jaribu moja moja. Kama inalia milio au taa inapepesa kwa kuhesabika, hesabu, uandike, kila kampuni ina maana ya idadi yake na fundi atakushukuru.

Ukichomeka chaja na taa ya chaja inazima papo hapo, kuna shoti ndani. Hapa ndo mwisho wa kazi ya nyumbani. Usirudie kuichomeka. Inahitaji mtu mwenye multimita na anayejua kusoma mazabodi, na umwambie akupe bei ya kupima kwanza kabla ya bei ya kutengeneza. Kwa mashine ya kizazi cha 4 au 5 ushauri wangu ni kutoa diski na RAM na kuiacha. Kwa mashine ya juu zaidi sikiliza bei kwanza, na uulize anakupa gerentii ya muda gani, maana mazabodi iliyochomewa leo inaweza kurudi baada ya mwezi.

Dalili ya tano: skrini ina mistari, inacheza cheza, giza

Ichomeke kwenye TV kwa waya wa HDMI. TV ikionyesha vizuri, chipu ya picha ni nzima, tatizo mara nyingi ni kioo au waya wake. Sasa fungua na kufunga mfuniko polepole, picha ikija na kupotea kwa pembe fulani ni waya unaopita kwenye bawaba, wa bei ndogo kuliko kioo. TV nayo ikionyesha mistari ile ile, ni chipu ya picha kwenye mazabodi, na usikubali kuambiwa "tuipashe moto". Inaamka wiki mbili inalala tena na hela yako imeshaenda.

Skrini giza kabisa, mulika tochi ya simu kwa ubavu, ukiona picha kwa mbali basi ni taa ya nyuma ndo imezima.

Bawaba iliyoanza kukaza au kulia usiendelee kuifungua kwa nguvu, inavunja plastiki inavuta na waya. Kulegeza skrubu zake kidogo leo ni rahisi kuliko kununua bodi ya nje kesho.

Kibodi na maji

Kibodi vitufe vikigoma nunua ya nje ya USB kwanza uone kama unaizoea, ni hela inayohama. Vikijibonyeza vyenyewe waya wa ndani utolewe.

Maji, chai, madafu, soda: zima kwa kushikilia kitufe, chomoa, toa betri, igeuze kichwa chini kama hema. Usiiweke kwenye mchele, haifyonzi kilichoko chini ya chipu na inaongeza unga. Usiiwashe "kuona kama imepona", mpelekee fundi aifungue aisafishe kwa spiriti siku hiyo hiyo. Kama ni maji ya bahari hata masaa ni mengi, chumvi inakula shaba ukiwa unaangalia.

Dalili ya sita: inafanya kazi vizuri, ila Windows mpya haiitaki

Hii imekuja kwa wingi tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Haijazima, inaendelea kuwaka, ila viraka vya usalama vya bure vya kawaida vimekoma. Kwa watumiaji wa nyumbani kuna nyongeza ya mwaka mmoja, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa aliyejiandikisha kwenye mipangilio ya masasisho.

Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM kuanzia GB 4, diski kuanzia GB 64, na prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu au Ryzen za kuanzia mfululizo wa 2000. Kizazi kinasomeka kwenye jina. i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Kama yako ni ya 8 kwenda juu, hiyo mashine bado kijana, itie SSD na RAM na hata betri ninaikubali. Kama ni ya 6 au 7, tia SSD tu, au weka Linux Mint ambayo ni ya bure na inakwenda vizuri na GB 4, kwa kuandika, kuperuzi na kuangalia video haina shida. Ila anayetumia programu maalumu ya ofisi aulize kwanza kama inakubali huko. Kama ni cha 4 kushuka chini na unaitumia kwa miamala ya benki au ya chama, hapo nakwambia wazi badilisha, maana unashika hela za watu.

Sasa hesabu yenyewe

Andika kwenye karatasi kila kitu kinachotakiwa, kila kimoja na bei uliyoambiwa. Weka alama H kwa kinachohama na K kwa kinachokufa. Tuseme SSD na RAM zinakuja laki moja na nusu, betri na kioo zinakuja laki mbili na nusu, na laptopu ya mtumba ya kizazi cha 8 unaambiwa laki tano. Usijumlishe zote ukasema laki nne ni chini ya laki tano basi nitengeneze. Angalia zile K peke yake, laki mbili na nusu, hiyo ni nusu ya mashine nyingine na hutairudisha. Mi nikiona K zimefika nusu nasema badilisha, na SSD unaweza kuinunua leo leo maana itahamia huko. Zikiwa H tupu, tengeneza hata kama mashine ina miaka kumi.

Ukiamua kununua mtumba jaribu dukani, na kama umemtuma mtu mpe orodha hii aende nayo. Aiingize kwenye mipangilio ya ndani wakati wa kuwaka, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, ikiomba pasiwedi aiache. Namba ya siriali (serial number) iliyoandikwa chini ifanane na inayoonyeshwa humo ndani. Aiunganishe na intaneti wakati wa kuanzisha Windows, likitokea jina la kampuni ya nje linaomba barua pepe ya kazini, hiyo imefungwa na mwenyewe wa zamani na haitakuwa yako. Afungue ukurasa mweupe skrini nzima atafute madoa, achomeke flashi kila tundu, aendeshe ile ripoti ya betri, aiache inacheza video dakika 30 huku ameshika pale hewa inapotokea. Yote hayo yafanyike kabla haijapanda basi, maana ikishafika Mtwara kuirudisha ni kilomita zaidi ya 550, na muuzaji ataanza kukuuliza kama haikugongwa njiani.